Usukani unacheza, gari linatangatanga: maswali ya wenye Land Cruiser pikapu

Land Cruiser pikapu inasamehe mengi. Utaipakia kupita kiasi, utaivusha mtoni, utaikimbiza kwenye barabara iliyojikunja kama bati, na bado asubuhi itawaka. Kwa hiyo wengi wetu tunachelewa kusikia usukani unapoanza kulalamika.

Majibu haya yanahusu hasa pikapu za mfululizo wa 70: ile ya zamani ya HZJ75, yenye springi za bapa mbele na nyuma, na HZJ79 iliyoifuata mwaka 1999, yenye springi za koili mbele na bapa nyuma. Zote zina ekseli nzima mbele, yaani mhimili mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na steringi boksi, sanduku la gia la usukani, wala si reki, ile fito yenye meno, kama magari madogo. Wenye Hilux wana swali lao huko chini.

Usukani kucheza na gari kutangatanga, si kitu kimoja?

Hapana, na ukivichanganya utanunua vifaa usivyovihitaji.

Kucheza ni pale unapougeuza usukani na matairi hayajibu. Unauzungusha kidogo kulia, kimya. Kidogo kushoto, kimya. Halafu ghafla gari linashika. Hapo karibu siku zote kuna kiungo kilicholika au bolti iliyolegea mahali fulani kati ya mikono yako na tairi.

Kutangatanga ni tofauti. Usukani unaweza kuwa umekaza vizuri, lakini gari halishiki mstari. Unalirudisha kulia, linapitiliza. Unalirudisha kushoto, linapitiliza tena. Ukitoka Namanga hadi Arusha unashuka mabega yanauma kama uliyekuwa unalima. Ugonjwa huu unaweza kulipata gari ambalo kila kiungo chake ni kipya, kwa sababu unatokana pia na upepo wa matairi, pembe za ekseli na mzigo ulivyopangwa.

Kuvuta ni gari kwenda upande mmoja tu. Kutikisika ni usukani kupiga kushoto-kulia wenyewe kama unaopigwa na umeme. Kila kimoja kina njia yake.

Kabla ya kushika spana, jiulize ilianza lini. Baada ya kufunga matairi mapya? Baada ya kuinua gari? Baada ya lile korongo? Au imekuja polepole, mwezi hadi mwezi? Mteja anayejibu swali hilo vizuri amenipunguzia nusu ya kazi.

Mchezo kiasi gani ni wa kawaida?

Steringi boksi haiwezi kuwa kali kama reki ya gari dogo, kwa hiyo usitegemee sifuri. Simamisha gari matairi yakiwa yamenyooka, washa injini, bandika kipande cha selotepu juu ya usukani, kisha uuzungushe kwa kidole kimoja mpaka uone tairi la mbele linaanza kusogea. Pima umbali ambao selotepu imesafiri. Vitabu vya Toyota kwa magari ya namna hii huweka ukomo wa milimita 30 hadi 40 kwenye ukingo wa usukani. Ikifika upana wa kiganja, usisubiri mwisho wa mwezi.

Nianzie wapi?

Chini kabisa, kwenye matairi. Najua inachosha kusikia, kwa sababu kila mtu anataka kuambiwa ni kifaa fulani. Lakini upepo haugharimu kitu, na nimeona gari lililobadilishiwa tairodi endi nne, vile viungo vya ncha za rodi za usukani, kumbe tairi moja la mbele lilikuwa na upepo nusu ya mwenzake.

Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa geji yako, si kwa kulipiga teke. Magurudumu mawili ya ekseli moja yawe na upepo sawa. Tairi la 7.50R16, lile jembamba na refu linalokuja na pikapu hizi, lina ukuta mrefu. Likiwa na upepo mdogo linayumba juu ya rimu kabla gari halijageuka, na dereva anasema usukani ni mlegevu. Aliyetoka mchangani Natron na kusahau kujaza atalijua hilo akifika kwenye lami.

Halafu tazama aina. Tairi la redio (radial) na lile la nyuzi za kukatizana, la zamani, yasikae kwenye ekseli moja kamwe. Yanajikunja kwa namna tofauti na gari litahangaika. Matairi ya matope yenye meno makubwa nayo hutangatanga kidogo kwenye lami, hasa yakilika upande mmoja. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukihisi laini kwenda na makali kurudi, tairi linaburuzwa kwa pembe, na hapo umeshapata dokezo kuhusu alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za matairi.

Linavuta kushoto tu. Je?

Barabara zetu za lami zina mgongo katikati ili maji yateremke, nasi tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kuvuta kushoto kidogo ni mteremko tu. Tafuta mahali tambarare ujaribu tena. Likiendelea, badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto. Mvuto ukihama, tatizo ni tairi. Usipohama, shika hab zote mbili (vitovu vya magurudumu) baada ya kuendesha kilomita chache bila kugusa breki sana: ya moto kuliko mwenzake ina breki inayong'ang'ania au beringi inayokufa.

Nimeambiwa steringi boksi imekufa. Ninunue nyingine?

Bado. Steringi boksi ndiyo ya kwanza kulaumiwa na mara nyingi ndiyo ya mwisho kuwa na kosa.

Pikapu yangu mwenyewe, ya koili mbele, ilianza kucheza baada ya msimu mmoja wa kupeleka maji na chakula cha mifugo upande wa Longido. Gereji moja mjini ikaniambia boksi limekwisha. Nikauziwa la mtumba, pesa ya mbuzi watano. Likafungwa, nikaondoka nimefurahi, na kufika tuta la kwanza usukani ukacheza vilevile. Nililala chini ya gari siku ya pili na mke wangu akiwa ameshika usukani, na ndani ya dakika mbili tukaona: bolti ya panadi rodi, ule mhimili unaoizuia ekseli isihame kushoto na kulia, ilikuwa imelegea kwa muda mrefu mpaka tundu lake limekuwa yai. Kila nikigeuza usukani, kitu cha kwanza kusogea kilikuwa ekseli nzima, ndipo matairi yafuate. Boksi langu la zamani lilikuwa zima. Bado ninalo stoo.

Boksi likiwa kweli na kosa, anza na vitu viwili vya bure. Kwanza, bolti zinazolifunga kwenye chesisi. Zikilegea, boksi zima linacheza na mtu anadhani ni meno ya ndani. Futa matope na grisi uangalie chuma cha chesisi kuzunguka boksi, kama kuna ufa mwembamba wenye mstari wa kutu. Gari lililofungwa matairi makubwa na kupigishwa mawe hupasuka hapo. Pili, shafti inayotoka kwenye usukani hadi kwenye boksi ina krosi ndogo za kujikunja. Zikikauka au kulika, mchezo unaanzia kabla hata ya kulifikia boksi.

Baada ya hapo ndipo ile skrubu ya juu ya boksi yenye nati ya kufungia. Matairi yawe yamenyooka, legeza nati, kaza skrubu kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko, funga, jaribu. Rudia kama bado, lakini ukikaribia robo mzunguko bila mabadiliko, simama. Meno ya boksi hulika zaidi katikati kwa sababu ndipo gari linapoishi muda mwingi. Ukikaza mpaka katikati pakawe pagumu, utakuwa umebana kupita kiasi kwenye kona, na usukani hautarudi wenyewe ukiuachia. Gari lisilorudisha usukani linatangatanga vibaya kuliko lenye mchezo. Ndiyo maana skrubu hii inaogopwa na mafundi wazuri na kupendwa na mafundi wa haraka.

Jaribio la watu wawili linafanywaje?

Hili ndilo lenye thamani kuliko vifaa vyote vya gereji, na halihitaji hata jeki.

Gari likae chini kwa matairi yake yote, sehemu tambarare, breki ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Injini iwake ili pampu ya usukani isaidie. Mmoja akae ndani na autikise usukani kushoto na kulia, kidogo tu, kama saa tano na saa saba za mkono wa saa. Asiuzungushe mpaka mwisho. Wa pili alale chini mbele, mbali na njia ya tairi, afuate mnyororo wote kwa macho na kwa mkono.

Anza juu: shafti na krosi zake. Shafti ikizunguka upande mmoja wa krosi na upande wa pili unachelewa, umepata. Shuka kwenye boksi: shafti inayoingia inazunguka, je, mkono unaotoka chini unasogea wakati huohuo? Boksi lenyewe linasogea juu ya chesisi? Nenda kwenye dragi linki, ile rodi inayotoka kwenye mkono wa boksi kwenda kwenye gurudumu. Weka kidole gumba nusu juu ya kiungo na nusu juu ya rodi. Mchezo usioonekana kwa macho unaugusa kama mapigo ya moyo. Kisha tairodi, ile inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ncha zote mbili. Kisha panadi rodi, upande wa chesisi na upande wa ekseli. Mwisho tazama ekseli yenyewe: ikihama kushoto-kulia kabla ya matairi kugeuka, rudi kwenye panadi rodi, au kwenye springi na sheko, vile vishikizo vinavyobembea kwenye ncha za springi, kama gari ni la bapa.

Usiamini koleo. Fundi akikamata tairodi endi kwa koleo kubwa na kuibana, hata mpya itasogea, kwa sababu ndani kuna springi. Kinachotakiwa ni kuona inavyosogea ikifanya kazi.

Usisahau kwamba mchezo hujumlishwa. Unaweza usikute kiungo kimoja kibovu kabisa, ila vinne vyenye mchezo wa unywele mmoja mmoja, na kwenye usukani vikawa nusu kiganja. Hapo anza na kibaya zaidi, jaribu tena, endelea.

Nikiinua gurudumu na kulitikisa linacheza. Ni beringi ya hab au ya kingipini?

Inua ekseli kwa jeki, weka stendi au gogo imara chini yake. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za hab, kwa sababu breki imeifunga hab pamoja na kichwa cha ekseli. Ukibaki vilevile, ni beringi za kingipini, ile mihimili ambayo gurudumu hugeukia, juu au chini ya lile bonge la duara ambalo kila Land Cruiser mzee hulitapikia grisi. Kisha shika tairi kushoto na kulia. Mchezo unaotokea upande huo tu kwa kawaida ni wa tairodi endi.

Beringi za hab zina nati mbili na washa ya kukunja katikati, soketi yake ni ya milimita 54. Watu wengi hawana soketi hiyo, wanazigonga kwa patasi na nyundo. Utazitambua nati hizo zilivyotafunwa. Nunua soketi, ni bei ndogo kuliko hab.

Beringi za kingipini zina ugonjwa mwingine ambao hautaonekana kwa kutikisa. Gari likivuka maji mara nyingi na sili za kichwa zikichoka, maji huingia, grisi inageuka rangi ya uji, na beringi, hasa ya chini, inachimbika vijishimo pale inapokaa matairi yakiwa yamenyooka. Ukigeuza kichwa kwa mkono, tairodi ikiwa imefunguliwa, unahisi kinadumbukia na kukwama katikati. Barabarani gari linaonekana kama lina mawazo yake: ukiligeuza kidogo kushoto halitaki, ukilazimisha linaruka kupita. Hapo hakuna cha kurekebisha isipokuwa beringi mpya, vikombe vyake, sili na grisi safi.

Angalizo kwa anayefungua mwenyewe. Chini ya vifuniko vya juu na chini kuna shimu, vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Kuzipunguza kunazibana beringi, lakini shimu hizohizo pia ndizo zinazoweka kichwa katikati ya ekseli. Ukitoa zote upande mmoja umekihamisha. Ziweke kando kila moja na upande wake, ziandike, na mkazo upimwe kwa mizani ya springi kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Nimepita shimo kwa kasi ya 70, usukani ukaanza kupiga kushoto-kulia mpaka nikadhani gurudumu linachomoka. Ni nini?

Ni mtikisiko unaojilisha wenyewe. Magari ya ekseli nzima yenye panadi rodi ndiyo huupata zaidi. Gurudumu moja linapigwa, linamsukuma mwenzake kupitia tairodi, mwenzake anarudisha, na kama kuna mahali penye nafasi, kila mzunguko unaongeza nguvu badala ya kuimaliza.

Likikutokea, shika usukani imara bila kupambana nao, ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lipungue kasi. Ukikanyaga breki ghafla unaweza kulichochea. Mtikisiko hukata wenyewe kasi ikishuka.

Gari likishafanya hivyo mara moja, kagua upya kila kitu hata kama ulikagua juzi, kwa sababu kipigo kile chenyewe hulegeza vitu. Mtiririko wangu ni huu: bolti na bushi (mipira ya viungo) za panadi rodi, beringi za kingipini, beringi za hab, tairodi endi, bushi za mikono inayoishika ekseli mbele-nyuma, halafu balansi ya matairi. Balansi mbaya ndiyo kiberiti. Ulegevu ndio petroli.

Steringi dampa mpya itaponya?

Itanyamazisha. Dampa ni shokapu ndogo iliyolazwa. Kazi yake ni kupunguza mateke ya mawe yasifike mikononi. Ukifunga nzito juu ya kingipini iliyokufa, gari litatulia miezi mitatu huku kitu kinaendelea kulika. Mimi hufanya kinyume: wakati wa kutafuta tatizo naichomoa dampa kabisa, naendesha polepole uwanjani, ili gari liseme ukweli.

Niliinua gari inchi mbili, sasa halishiki barabara. Kila kitu ni kipya.

Umeipoteza kasta, yaani mlalo wa kingipini kuelekea nyuma.

Angalia baiskeli. Uma wa mbele umelala kidogo, haukusimama wima, na ndiyo maana kijana anaweza kuteremka mlima mikono imekunjwa kifuani. Ekseli ya gari nayo imelazwa hivyo: mstari unaopita kwenye kingipini ya juu na ya chini umeegemea nyuma kidogo, na hiyo ndiyo inayolirudisha tairi kwenye mstari likitoka kwenye kona.

Kwenye HZJ79 ekseli imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma kwenye chesisi. Ukiweka koili ndefu, ekseli inashuka na mikono ile inaizungusha, kingipini zinasogea kuelekea wima. Inchi mbili zinatosha kula sehemu kubwa ya kasta ya kiwandani, ambayo tangu mwanzo ni digrii chache tu. Dalili zake hazifichiki: usukani mwepesi kupita kiasi, haurudi baada ya kona, gari linafuata kila mfereji wa lori.

Dawa ni bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono hiyo, au vibao vinavyohamisha mahali mikono inapofungwa. Kwa gari la springi za bapa ni kabari za chuma kati ya springi na kiti cha ekseli. Zifungwe za chuma. Za alumini hupondeka kwenye njia zetu. Na ukiwa umeinua kwa kurefusha sheko za mbele peke yake, umeinua gari na kuua kasta kwa pigo moja.

Jambo la pili ambalo aliyekuuzia koili huenda hakulitaja: panadi rodi ina urefu uleule, kwa hiyo gari likipanda, ekseli inavutwa pembeni na usukani hausimami tena katikati. Usiuchomoe usukani kuurudisha sawa. Rekebisha urefu wa dragi linki, au weka panadi rodi inayorefushwa.

Tupu limetulia, nikipakia linatangatanga. Kwa nini?

Kwa sababu mzigo uko nyuma ya ekseli ya nyuma. Magunia yakijaa mpaka kwenye geti, na juu yake pipa la mafuta, mkia unashuka, pua inapanda, matairi ya mbele yanabaki yanagusa barabara kwa heshima tu. Kasta nayo inabadilika kwa sababu gari zima limeinama. Sogeza kizito mbele, kiegemee kebini. Mara nyingi inaisha hapo.

Isipoisha, lala nyuma ya gari. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi, zikilegea huiacha ekseli isogee juu ya springi, na senta bolti, ile ya katikati ya springi, ikikatika ekseli inakwenda upande mmoja mbele, upande mwingine nyuma. Gari hapo linaongozwa kwa nyuma kama mtumbwi, na hakuna kifaa cha mbele kitakachokusaidia. Pima kwa kamba kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia, vipimo vilingane. Tazama pia bushi za springi na pini za sheko, maana bati la juu linaweza kuonekana zima huku bushi imebaki karatasi.

Gari langu ni la kuanzia 2007, kwenye mchanga linayumba kama limelewa. Ni usukani?

Huenda ni gari lilivyozaliwa. Pua ilipopanuliwa ili injini ya V8 ienee, matairi ya mbele yalikwenda nje na ya nyuma yakabaki palepale, tofauti ikiwa karibu sentimita 10. Kwenye mchanga na tope la nyayo, magurudumu ya nyuma hayakanyagi njia iliyofunguliwa na ya mbele, yanachimba yake. Wapo wanaofunga rimu za nyuma zenye kutoka nje zaidi, wengine hubadilisha ekseli. Ila fanya kwanza jaribio la watu wawili, usije ukakilaumu kiwanda kwa nati uliyoiacha wazi.

Alaimenti ya ekseli nzima naweza kupima mwenyewe?

Unaweza, kwa sababu kinachorekebishika kirahisi ni kimoja tu: matairi kuangaliana mbele. Kasta umeshaisoma, na ulalo wa tairi kwa juu umewekwa na chuma cha ekseli. Ukiwa umeharibika, ekseli au kichwa kimepinda.

Sukuma gari mbele kidogo usimame kwenye sakafu tambarare, usukani katikati. Weka alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, kimo cha hab. Pima kwa futi kamba kutoka chaki hadi chaki. Sukuma gari mbele mpaka chaki zizunguke nusu na kufika upande wa mbele, kimo kilekile, pima tena. Mbele pawe pafupi kuliko nyuma kwa kiasi kidogo sana, milimita moja au mbili. Mbele pakiwa pana kuliko nyuma, gari litatafuta pa kwenda kila wakati. Legeza klampu za tairodi, zungusha bomba, pima upya, kaza klampu. Tairodi ikiwa imepinda kwa kugonga kisiki, usipoteze muda kurekebisha, inyooshe au ibadilishe kwanza.

Fanya kazi hii mwisho, viungo vikiwa vizima. Alaimenti juu ya tairodi endi iliyolegea ni kupiga rangi ukuta unaoanguka.

Usukani umekuwa mzito, si mlegevu.

Angalia mafuta ya pampu ya usukani na mkanda wake. Hakikisha pia hujasahau gia ya magurudumu manne ukiwa kwenye lami, maana hapo gari hujibana na usukani hukataa kurudi.

Mimi nina Hilux. Haya yananihusu?

Hilux za zamani zenye ekseli nzima na springi za bapa mbele, karibu yote. Za kuanzia Vigo, iliyotoka 2004 na 2005 kutegemea soko, zina magurudumu yanayojitegemea mbele na reki. Jaribio la watu wawili ni lilelile, ila unatazama bushi zinazoshika reki kwenye fremu, tairodi za ndani zilizofichwa na buti za mpira, bolijointi ya chini (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu), na bushi za mikono. Minya buti kwa vidole ushike kiungo cha ndani wakati mwenzako anatikisa usukani, ndicho kinachosahauliwa.

Bolijointi ya chini usiifanyie mzaha. Ikichomoka, gurudumu linalala na gari linakaa chini hapohapo. Na bolti zenye kamu (duara lenye kitovu pembeni) kwenye mkono wa chini, zinazoweka kasta na ulalo wa tairi, hushikana kwa kutu. Fundi wa alaimenti akizikuta zimeganda, wengine huweka sawa matairi kuangaliana peke yake na kukupa karatasi. Muulize kama kamu zimezunguka.

Niko porini na tairodi imepinda. Nifikeje?

Ifungue ukiweza, iegemeze kati ya mti na jeki, isukume polepole. Haitanyooka kama mwanzo, wala usitake. Irudishe, simama mbele ya gari kwa mbali, chuchumaa utazame matairi mawili yalivyoangaliana, zungusha bomba mpaka yaonekane sawa. Endesha polepole, kilomita 30 kwa saa, na usimame kila baada ya muda kushika matairi. Lililopata moto kupita kiasi linaburuzwa.

Tairodi endi iliyolegea mno mpaka inataka kuruka kwenye kikombe chake unaweza kuifunga kwa waya mzito au klampu ya hozi ili isitoke, na utembee nayo kwa mwendo wa ng'ombe hadi penye fundi. Usipande nayo lami.

Nimemaliza kufunga. Niangalie nini kabla ya kuondoka?

Kila nati ya tairodi endi iwe na kotapini yake, mpya, imekunjwa. Si msumari, si waya wa fensi. Kama tundu halilingani na nati, kaza mbele mpaka lilingane, usilegeze kurudi nyuma. Bolti za panadi rodi zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, maana bushi iliyokazwa gari likiwa hewani hujipinda na kupasuka mapema. Geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia uone kwamba hakuna hozi ya breki inayovutwa.

Zunguka uwanjani, toka barabarani kwa kasi ndogo, uachie usukani baada ya kona uone kama unarudi. Baada ya kilomita mia mbili au tatu rudi chini na spana ileile. Bolti mpya hujilaza, na ukiigusa ikazunguka robo, usishangae. Kaza, weka alama ya rangi kati ya nati na chuma, ili mara nyingine uone kwa macho kama imesogea.